Elimu ya Mtoto wa Kibera na Kawangware Yatuhusu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa tawi na ndugu mmoja wa idara ya njia. Imepigwa chapa kwa ajili ya wanachama waliokuwa zamu.)



Nimeombwa niseme habari za Ndugu Kennedy Odede wa Kibera, na jinsi kazi yake inavyoweza kutufundisha sisi, kabla hatujapiga kura juu ya akiba iliyobaki katika mfuko wetu. Mimi si mwalimu wala si msemaji mkubwa. Shule niliyosoma ni ya msingi, ya misheni, na kazi yangu ni ya njia ya reli. Lakini jambo hili ni la watoto wetu, kwa hiyo nitalisema kwa maneno ya kawaida, na mwenye kutaka kunipinga atapewa nafasi yake baadaye.

Labda mtu atauliza: shule na reli, wapi na wapi? Nitamjibu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 nchi yetu iliingia katika fujo kubwa. Watu zaidi ya 1,000 walikufa na maelfu kwa maelfu walikimbia makwao. Januari 2008 vijana wa Kibera walishika reli kwa mikono yao wakaing'oa. Njia ya Kisumu na Uganda ikakatika, mizigo ikasimama. Ninyi watu wa njia mwajua uzito wa reli, na mwajua kwamba reli ikishang'olewa hairudi yenyewe juu ya mataruma.

Wakati ule watu wengi walisema, "Wale ni wahuni." Na wahuni kweli walikuwapo. Lakini tufikiri kidogo. Kijana amezaliwa kando ya reli. Tangu utoto ameona mabehewa ya mali yakipita mbele ya mlango wa mama yake, asubuhi na jioni, na hakuna hata moja lililomshushia kitu. Shule hakumaliza. Kazi hana. Siku akija mtu wa siasa na kumwambia, "Ng'oa," yeye ataona hasara gani? Mtu hulinda kitu kilicho chake. Ndiyo sababu nasema kuwa elimu ya kijana wa Kibera na Kawangware ni jambo la mfanya kazi wa reli, sawasawa na mshahara na bima.

Kwanza tuangalie shida yenyewe, maana mganga asiyejua ugonjwa hatoi dawa.

Twasikia kila siku kwamba elimu ni ya bure. Ni kweli, Januari 2003 serikali iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja walioachwa nje wakaingia darasani. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Maneno hayo ni mazuri. Lakini tembea ndani ya Kibera, kutoka Laini Saba mpaka Gatwekera, uitafute shule ya serikali. Shule za serikali ziko pembeni: Olympic, Ayany, Toi, Kibera. Karo ilipoondolewa mwaka 2003 zilifurika, na mwalimu mmoja akajikuta na watoto asioweza hata kuwajua kwa majina. Kwa nini hazikujengwa ndani? Kwa sababu kwa miaka mingi serikali ilihesabu Kibera kuwa makao yasiyo halali. Watu walihesabiwa wakati wa kura, lakini wakati wa kujenga shule ilisemwa kwamba pale hapana mtaa.

Basi wazazi wakajitafutia. Watoto wengi wa Kibera na Kawangware husoma katika shule ndogo za watu binafsi, za makanisa na za vikundi, zilizojengwa kwa mabati na mbao. Walimu wa shule hizo hawalipwi na Tume ya Walimu. Hulipwa kwa karo ya wazazi. Kwa hiyo liko jambo la ajabu katika mji huu: mtoto wa mtu mwenye kazi nzuri, anayekaa karibu na shule ya serikali, husoma bila karo, na mtoto wa kibarua, ambaye baba yake hulipwa kwa siku, hulipiwa karo. Maskini ndiye anayenunua kile alichoahidiwa bure.

Na mara nyingine hununua hatari. Tarehe 23 Septemba 2019, asubuhi, darasa la ghorofa lililojengwa kwa mbao liliwaangukia watoto katika shule moja ya Ngando, si mbali na Kawangware. Watoto 8 walikufa. Walikuwa wameamka mapema, wamevaa sare, wamekwenda kusoma kama walivyoambiwa. Wazazi wao walilipa karo. Nawaomba ndugu zangu tusiyasahau mambo kama haya upesi.

Sasa nije kwa Ndugu Odede mwenyewe.

Kennedy Odede alizaliwa mwaka 1984, akakulia Kibera, mtoto wa kwanza katika nyumba ya watoto wengi. Karo haikuwapo, basi shule ya kawaida hakuipata. Alipokuwa na miaka kama kumi alitoka nyumbani akaishi njiani. Alijifunza kusoma kwa taabu, na alipojua kusoma alishika vitabu vya watu kama Martin Luther King na Nelson Mandela. Baadaye alipata kazi kiwandani, saa 10 kwa siku, kwa ujira wa kama dola moja ya Marekani. Ninyi mnaojua kazi ya kibarua hamhitaji kuelezwa dola moja hufika wapi.

Mwaka 2004 alitoa senti 20 za Marekani katika ujira huo, ambazo wakati ule zilikuwa kama shilingi 16, akanunua mpira. Ndio mwanzo wa kikundi chake. Kiliitwa Shining Hope for Communities, na watu hukiita SHOFCO kwa kifupi. Vijana walikutana kucheza, na mchezo ulipokwisha walikaa wakazungumza: habari ya fujo, habari ya wasichana wanaodhulumiwa, habari ya kazi. Waliigiza michezo njiani ili watu wasimame wasikilize. Walifagia mitaro. Hapakuwa na ofisi wala mfadhili.

Ndugu zangu, mimi nauona huo mpira kama mkutano wa kwanza wa tawi. Chama chochote huanza hivyo: watu wachache wenye shida moja hupata sababu ya kukutana, na wakikutana mara nyingi huanza kuaminiana, na wakiaminiana huweza kuchangishana. Anayeanza kwa kutafuta fedha kabla ya watu hujenga nyumba kwa kuanza na paa.

Wapo wanaonung'unika kwamba Odede alibahatika kupata Mzungu. Hesabu miaka, ndugu. Mpira ulinunuliwa 2004. Jessica Posner, mwanafunzi kutoka Marekani, alikuja Kibera 2007 kushirikiana na vijana wale katika michezo ya kuigiza. Alikuta kikundi kimesimama miaka mitatu. Fujo zilipochacha Odede alikimbilia Tanzania, na baadaye akapata nafasi ya kusoma bila malipo katika Chuo Kikuu cha Wesleyan huko Marekani, akamaliza mwaka 2012. Mgeni aliongeza nguvu, hilo halina ubishi, na fedha nyingi zilitoka ng'ambo. Lakini msaada ulimkuta mtu akiwa kazini.

Tena Odede si mtu wa kuwasujudia wageni. Mwaka 2010 aliandika katika gazeti la New York Times akiwapinga watalii wanaopelekwa Kibera kutazama umaskini. Alieleza kwamba alipokuwa na miaka 16 alikuwa nje ya nyumba yao akiosha vyombo, hajala siku mbili, mara mama mmoja wa Kizungu akampiga picha. Picha ikachukuliwa, mgeni akaenda zake, na njaa ikabaki pale pale. Alisema wazi kwamba kutazamwa si kusaidiwa. Maneno hayo aliwaambia wasomaji wa Marekani katika gazeti lao wenyewe.

Mwaka 2009 yeye na wenzake walifungua Shule ya Wasichana ya Kibera. Karo hakuna. Watoto huanza wakiwa wadogo, nao huchaguliwa kwa akili zao na kwa shida za nyumbani kwao. Wanapewa chakula na kutibiwa. Na mzazi hutoa nini? Hutoa kazi: kila mwaka mzazi au mlezi hufanya kazi shuleni kwa wiki 5. Mwingine hupika, mwingine husafisha.

Mimi nilipoisoma habari hiyo nilisimama hapo kidogo. Kama mtu wa chama nilijiuliza: je, kazi bila mshahara ni jambo la kusifiwa? Sisi tumepigana nayo miaka yote. Lakini nilipofikiri niliona tofauti. Kazi yetu ya bure humtajirisha bwana mwingine. Kazi ya yule mama humrudia binti yake mwenyewe, jioni ile ile. Na mtu aliyefagia darasa kwa mikono yake hawezi kufukuzwa mlangoni kama ombaomba akija kuuliza maendeleo ya mtoto. Ana sauti. Karo ya fedha ingemshinda, na msaada mtupu ungemnyamazisha. Karo ya jasho humfanya mwanachama.

Jambo la pili la kujifunza ni hili. Hakuijenga shule peke yake kama kisiwa. Kando ya shule kiliwekwa kituo cha afya, na maji safi, na huduma nyingine zilizo wazi kwa kila mtu wa mtaa. Kusudi lake lilikuwa kwamba hata mwanamume asiyependa binti kusoma aone kuwa shule ya wasichana ndiyo iliyomletea maji na dawa, naye aanze kuilinda. Maji yenyewe yamepitishwa juu kwa mabomba yaliyofungwa kwenye nguzo. Kwa nini juu? Kwa sababu bomba likilazwa chini Kibera hukatwa na wezi wa maji, na likishatoboka uchafu wa mitaro huingia ndani. Bomba la juu kila mtu huliona, na anayeligusa huonekana pia. Sisi mafundi twaipenda akili ya namna hii: kwanza angalia kitu huharibikia wapi, halafu ndipo ujenge.

Kazi hiyo imevuka Kibera ikaingia Mathare na kwingineko. Mwaka 2018 SHOFCO ilipewa Tuzo ya Hilton ya huduma kwa binadamu, na mwaka 2025 Umoja wa Mataifa ulimpa Odede Tuzo ya Nelson Mandela. Yule mtoto aliyekuwa akisoma habari za Mandela kwa taabu alipewa tuzo yenye jina lake.

Wala Odede si wa kwanza wala wa pekee. Ndugu Abdul Kassim, mwana wa Kibera, alianzisha timu ya mpira ya wasichana mwaka 2002. Aliona wachezaji wake wakiacha masomo mmoja mmoja kwa kukosa karo, na mwaka 2006 akafungua shule ya sekondari kwa ajili ya wasichana. Darasa la kwanza lilikuwa na wanafunzi wachache sana na walimu wa kujitolea. Mara mbili basi, katika mtaa mmoja, mpira umezaa shule.

Sasa nijibu maswali matatu niliyoyasikia huku nje kabla ya mkutano.

La kwanza: kwa nini wasichana? Nawauliza wenzangu wanaume. Nyumba ina watoto wanne na karo inatosha wawili. Nani hubaki nyumbani kuangalia mdogo na kuteka maji? Jibu mwalijua, sina haja ya kulisema. Na binti akikaa bure mtaani, wako watu wazima wanaomngoja kwa shilingi hamsini na chipsi. Tuliona shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya Korona: wapo wasichana waliotoka na begi la vitabu, na shule zilipofunguliwa tena walikuwa na mtoto mgongoni.

Swali la pili: kazi hii si ya serikali? Ndiyo, ni ya serikali, na hapa nataka nisikike vizuri. Shule ya hisani, hata iwe nzuri namna gani, huchagua wachache. Kwa kila binti aliyeingia wapo wengi waliorudi nyumbani na mama zao. Haki haichagui. Kwa hiyo sisi hatuwezi kupiga makofi kwa Odede kisha tukanyamaza, kana kwamba amemaliza kazi ya wizara. Yeye ameonyesha kwamba mtoto wa Gatwekera akipewa mwalimu, chakula na kitabu hujifunza kama mtoto wa Karen. Tangu hapo serikali haina udhuru tena wa kusema jambo haliwezekani. Chama ndicho chenye sauti ya kudai.

Swali la tatu: chama cha wafanya kazi chahusikaje na shule? Anayeuliza hivyo hajui historia yetu. Tom Mboya, Katibu Mkuu wa Shirikisho la Wafanya Kazi la Kenya, alikuwa mwana wa mfanya kazi wa mashamba ya katani. Alisoma shule za misheni mpaka fedha ya kuendelea ikakosekana. Mtu huyo, akiwa kiongozi wa wafanya kazi, ndiye aliyesimama mbele mwaka 1959 kuwatafutia vijana wetu nafasi za masomo Marekani, na Septemba mwaka ule wanafunzi 81 walipanda ndege. Safari ziliendelea miaka iliyofuata. Mmoja wa waliokwenda 1960 ni Wangari Maathai, aliyepata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, mwaka ule ule Odede aliponunua mpira. Harambee ya elimu ilipita mlangoni mwa vyama vya wafanya kazi kabla nchi haijapata uhuru wake. Sisi hatuanzishi kitu kipya; twakumbushwa deni.

Ndugu Mwenyekiti, nakuja kwenye hoja.

Katika mfuko wetu imebaki akiba baada ya kulipa mambo ya mazishi na magonjwa. Wako wenzetu waliotoa hoja tuchinje mbuzi mwisho wa mwaka. Mimi sina ugomvi na mbuzi. Nyama naipenda kama mtu yeyote hapa. Lakini mbuzi ataliwa Jumamosi, na Jumatatu tutaamka na watoto wale wale mlangoni. Nami naleta hoja nyingine, nayo ni ndogo.

Nataka tufungue vyumba viwili vya kusomea jioni, kimoja Kibera na kimoja Kawangware. Kawangware nimeitaja kwa makusudi. Reli haipiti pale, kwa hiyo mara nyingi tunapopanga mambo yetu twaisahau, na wanachama wengi wanaokaa kule wanajua watoto wao wanavyosomea kwa mwanga wa simu katika chumba kimoja ambamo mama anapika, mdogo analia, na jirani amefungulia redio. Mwalimu amewapa kazi ya nyumbani, lakini nyumba haina mahali pa kuifanyia. Tusikodi nyumba. Tuyaombe makanisa, misikiti na shule chumba kimoja baada ya masomo. Akiba yetu inunue taa, umeme, viti na vitabu vya masomo.

Kazi tuifanye wenyewe. Kila mwanachama atakayeandika jina atoe jioni moja kila wiki mbili. Anayejua hesabu afundishe hesabu. Asiyejua akae mlangoni, aangalie usalama, na wasichana wakimaliza wasindikizwe mpaka kwao, wakubwa wawili pamoja, asiwe mtu mmoja peke yake. Wazazi watoe zamu za kusafisha, kama wafanyavyo wale wa shule ya Kibera. Mtoto asiulizwe kabila lake wala chama cha siasa cha baba yake. Nafasi zikiwa chache, mwenye shida zaidi atangulie, na wasichana wasipungue nusu.

Hesabu za fedha zibandikwe ukutani kila mwezi, hata kama ni za mkebe mmoja wa chaki. Vikundi vingi vizuri vimekufa mitaani kwa sababu mweka hazina alikuwa rafiki wa mwenyekiti. Wenzangu viongozi mnisamehe, sijamtaja mtu.

Tena kamati ichague wajumbe wachache waende kwa afisi ya elimu na kwa wawakilishi wa wadi, na barua mkononi, wakadai shule za serikali zijengwe ndani ya mitaa hii, na majengo ya shule yakaguliwe kabla ya kuua na si baada. Wasikubali kuambiwa, "Tumesikia." Warudi kila muhula, na wakirudi watusomee walichojibiwa.

Wengine watasema vyumba viwili havitoshi kitu mbele ya mitaa mikubwa namna hii. Kweli havitoshi. Hata mpira mmoja haukutosha. Lakini sisi watu wa njia twajua kwamba reli ndefu ya kwenda Kisumu iliwekwa taruma moja baada ya lingine, na hakuna mtu aliyeiweka yote siku moja. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu wanachama, karatasi ya majina iko mezani kwa Katibu. Jina langu liko mstari wa kwanza, na jioni yangu ni Alhamisi, Kawangware. Natoa hoja, nami naomba mtu wa kuiunga mkono.

Umoja ni nguvu.